Wazazi wako switi ya Yacht Club, wewe uko chumba cha kawaida: hela yako isipotee bure melini

Swali limetoka kwa dada mmoja, nesi, anaishi Ujerumani ila kwao Tanga. Ameandika hivi: "Kaka, nimewalipia baba na mama kruzi ya usiku saba kwenye meli ya MSC World Europa, tunapandia Genova, Italia. Wao nimewachukulia switi ya Yacht Club, mimi na mume wangu tuko chumba cha kawaida chenye roshani. Baba ana miaka 71 na goti linamsumbua, mama ana kisukari anachoma insulini, na hakuna anaekunywa pombe kwenye familia. Naambiwa kuna batla masaa 24, kuna launji, kuna bwawa lao peke yao, ila sijui hata pa kuanzia. Nifanye nini wazee wafaidi kweli?"

Dada yangu, kwanza hongera sana na Mungu akulipe, kuwatoa wazazi wakale upepo wa bahari wakiwa bado na nguvu zao ni jambo kubwa. Mimi ubatla, yaani kazi ya kuwahudumia wageni wa switi, nimeufanya melini kabla sijaanza kuuza safari, kwa hiyo nitakuelezea kwa upande wa yule anaebeba trei na sio upande wa kipeperushi. Na kitu cha kwanza nataka kikae kichwani ni kwamba ulichokilipia sio ukubwa wa chumba. Yacht Club ni eneo la faragha ndani ya meli za kampuni ya MSC, lina mgahawa, launji na bwawa lake. Kwa hiyo umelipia mlango mmoja unaofunguka kwa kadi, na watu wanaofanya kazi nyuma ya mlango huo, na hao watu wanafanya kile walichoambiwa. Switi moja inaweza kumpa mtu wiki ya kifalme, ya jirani yake ikampa kitanda kizuri tu basi, tofauti ni nani kasema anataka nini na kasema lini.

Sasa nianze na lile ambalo hukuliuliza ila ndo litawaumiza mkishafika. Wewe na mumeo hamtaingia Yacht Club. Huduma zinafuata kadi ya chumba, hazifuati ukoo, mlangoni kuna kisomeo cha kadi na wahudumu wa eneo lile wanazijua sura za wageni wao mpaka siku ya pili. Wazee wanaweza kutoka kuja popote mlipo, bufee, ukumbi wa maonyesho, bwawa la wote, ila nyinyi hamuwezi kwenda kukaa kwenye launji yao wala kula kwenye mgahawa wao. Usimwombe batla awapitishe kwa mlango wa nyuma, yule kijana ana mkataba wa miezi kadhaa na familia inamtegemea nyumbani, utamweka pabaya kwa sababu ya kikombe cha chai.

Kwa hiyo fikiria vizuri. Kama wazee wako ni wa kujitegemea, Kiingereza au Kitaliano kidogo wanacho, wanapenda utulivu wao, mpango wako uko sawa kabisa, mnapanga tu chakula kimoja kwa siku mnakula wote nje ya Yacht Club. Lakini kama mama ni wa kutaka mwanae awe karibu muda wote (na kina mama wa kwetu wengi wako hivyo) utajikuta unawatoa kwenye sehemu nzuri uliyoilipia ili mkae pamoja kwenye kelele, na hapo ndo hela inapotea. Mpigie wakala wako leo muulize mawili: switi ya wazee inaruhusu kitanda cha tatu? Na je, kwenye meli hii kuna switi za Yacht Club za ndani zisizo na dirisha zilizobaki? Kwenye meli kadhaa za MSC zipo, chumba ni kidogo na hakina dirisha ila kadi yake inafungua mlango uleule, batla yuleyule, mgahawa uleule. Kwa mtu ambae mchana kutwa yuko nje hiyo ni bei nzuri kuliko roshani ambayo utaikalia nusu saa jioni. Mimi ningekuwa wewe ningebadilisha.

Na wengine mnaosoma hapa, chungeni neno switi lenyewe. Kuna vyumba vinaitwa switi na havina mlango wowote wa siri nyuma yake. Hukohuko MSC unaweza kununua switi ya Aurea ambayo haiko ndani ya Yacht Club, chumba kikubwa kizuri lakini ule mgahawa na lile bwawa sio vyako. Kule Royal Caribbean, Junior Suite haihesabiwi sawa na switi kamili, na kwenye meli zao kubwa switi zina madaraja matatu, Sea, Sky na Star, ukiwa Star unapewa mtu wako wanaemwita Royal Genie pamoja na vinywaji na migahawa ya kulipia, ukiwa Sea unapata mgahawa wa Coastal Kitchen usiku tu. Kampuni nyingine nazo zina maeneo kama hayo: Norwegian wana The Haven, Celebrity wana The Retreat na mgahawa wao Luminae, Cunard wanaendesha mambo kizamani na madaraja ya Princess Grill na Queens Grill, na batla yuko Queens Grill tu. Kabla hujalipa uliza swali moja: kadi hii inafungua milango gani? Wakala akijibu kwa kutaja mita za mraba tu, tafuta mwingine.

Turudi kwa wazee. Kazi kubwa inafanyika kabla hamjapanda, tena kwa maandishi. Andika ujumbe mmoja mfupi, mpe wakala aupeleke kwenye idara ya mahitaji maalumu ya kampuni, na uuprinti nakala moja mama aibebe kwenye mkoba amkabidhi batla mkononi. Usiandike "tafadhali wahudumieni vizuri wazazi wangu", hiyo haina kazi ndani yake, batla ataisoma atatabasamu ataiweka mfukoni. Andika vitu vinavyoweza kufanywa. Insulini: wewe ni nesi unajua nyuzi 2 mpaka 8, na friji ndogo ya vinywaji ya chumbani mara nyingi haifiki huko, kwa hiyo omba friji ya dawa na kile kisanduku cha kutupia sindano, meli wanavyo lakini waambiwe mapema. Baba: kiti cha kukalia bafuni wakati wa kuoga, na kiti cha magurudumu siku ya kupanda na kushuka hata kama anatembea, kwa sababu Stazione Marittima, kituo cha abiria cha bandari ya Genova, ina mwendo na foleni. Pombe: itolewe yote kwenye friji ya chumbani, badala yake wekeni maji makubwa, juisi isiyo na sukari na maziwa.

Halafu chai. Usidharau, chai ndo itakayomfanya mama aseme meli ilikuwa nzuri au mbaya. Ukisema "chai ya maziwa" melini wataleta maji moto, kipakiti cha chai na kijagi cha maziwa baridi pembeni, na mama atainywa kwa heshima tu. Andika hivi: maziwa na maji nusu kwa nusu vichemshwe pamoja na majani ya chai na vipande vya tangawizi mbichi, kichujwe, kije kwenye thamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, sukari pembeni. Hapo umempa mtu kazi inayoeleweka. Atakwenda kule kwenye chumba chetu kidogo cha kuandalia pale koridoni, atapiga simu jikoni, siku ya kwanza watakosea kidogo, siku ya pili itakuja sawasawa na baada ya hapo haitaulizwa tena. Wazee wa kwetu wanaamka kwa ajili ya alfajiri wakati meli nzima imelala, batla wa zamu ya usiku hana foleni saa hizo, ni wakati mzuri kuliko wote wa kuomba kitu.

Siku ya kupanda. World Europa ni meli ya tani 215,863 na ikijaa inabeba abiria mpaka 6,762, ndo ileile iliyofunga gati Doha wakati wa Kombe la Dunia 2022 mashabiki wakalala humo kama hoteli. Na kruzi za Mediterania za MSC zina tabia moja, abiria wanapanda na kushuka karibu kila bandari, sio Genova tu, kwa hiyo foleni za mapokezi haziishi wiki nzima. Hapa ndo Yacht Club inaanza kulipa. Wana meza yao ya kupokelea, wanakaa, wanapokewa na mtu anawasindikiza mpaka Top Sail Lounge kule mbele ya meli, wanakunywa kitu wakati karatasi zinamalizwa. Ila hakikisha dawa zote ziko kwenye begi la mkononi, mabegi makubwa yanaweza kufika chumbani jioni kabisa.

Batla akija kujitambulisha mzee asimalize na "ahsante, tuko sawa". Najua kwetu ni adabu, mgeni hasumbui watu, lakini ukisema uko sawa yeye anaondoka kwenda kwa wanaotaka. Nieleze kidogo kinachoendelea upande wa pili. Kwenye kile chumba cha kuandalia kuna karatasi imebandikwa, namba za vyumba upande mmoja, na mbele ya kila namba tunaandika: huyu kahawa saa moja, huyu mito minne, huyu asigongewe asubuhi, huyu mkewe ana mzio wa karanga. Chumba ambacho mbele yake kuna maandishi kinafikiriwa kila zamu inapobadilika, kilicho kitupu kinapata huduma ya kawaida, safi na nzuri lakini ya kawaida. Kwa hiyo lengo lenu dakika kumi za kwanza ni kuhakikisha namba ya chumba cha wazee ina maandishi mbele yake. Mama atoe ile karatasi, baba aseme habari ya goti, mwisho waulize jina lake na waliite. Batla atawasaidia pia kupanga nguo kabatini na mwisho wa safari kuzifunga, wazee wengi wanaona aibu kuguswa mabegi, hilo waachie wao waamue.

Halafu kuna konsieji, watu wanawachanganya. Batla ni wa chumba, chakula, nguo, chai. Konsieji ni wa kupanga, viti vya maonyesho, meza za migahawa, safari za nchi kavu, taksi bandarini, matatizo ya bili. Ukimpa batla kazi ya konsieji atakusaidia ila itazunguka. Siku ya kwanza jioni waende kwa konsieji mara moja wapange wiki nzima ya maonyesho, na viti viwe vya pembeni karibu na mlango kwa ajili ya goti.

Suala la vinywaji, hapa lazima niseme ukweli wangu. Sehemu nzuri ya bei ya Yacht Club ni vinywaji, na ninyi hamnywi pombe. Maana yake hesabu ya "inajilipa yenyewe" mnayoisoma kwa Wazungu haiwahusu, wao wanapiga hesabu ya kokteli na mvinyo. Kwenu inabaki kahawa nzuri, juisi, maji ya chupa, mokteli (kokteli zisizo na pombe), intaneti ambayo imejumuishwa, na eneo la joto la spaa ambalo wageni wengine wanalilipia (mama aulize daktari kwanza habari ya sauna na kisukari, na wewe nesi unajua kwa nini). Kwa hiyo faida yenu ipo kwenye kupumzika na kuhudumiwa, sio kwenye glasi, na kama wazee watakaa chumbani tu wakiogopa kuagiza, basi kweli mngechukua roshani ya kawaida mkabakiza hela.

Bandarini ndo goti la baba litakushukuru. Yacht Club wana utaratibu wa kuwasindikiza wageni kushuka bila kusukumana kwenye lifti, waambie tu jana yake saa ngapi mnataka kutoka na mkutane nao nje ya meli. Na sio kila bandari inastahili safari ya basi ya kulipia. Messina meli inafunga mjini kabisa, mnakwenda taratibu mpaka uwanja wa kanisa kuu, saa sita kamili mchana ile saa ya mnara iliyowekwa 1933 inaanza kazi, simba wa shaba anatikisa kichwa ananguruma, jogoo anawika, wazee watapenda na ni bure. Napoli nayo gati liko katikati ya mji, ila yale magofu ya mji wa kale wa Pompeii ni mawe na jua na hakuna kivuli, kwa goti lile hapana. Marseille ni kinyume, gati liko mbali na mji, usikubali wapande basi la shatoli wakiwa wamesimama, konsieji awaitie taksi mapema. Valletta, Malta, jambo kubwa sio kushuka, ni kuingia. Waulize saa ya kuingia Grand Harbour, bandari yenyewe, wawe Top Sail Lounge au kwenye deki yao ya juu nusu saa kabla na chai yao, meli inapita katikati ya zile kuta za mawe ya rangi ya asali karibu kabisa, unaona watu wanaanika nguo. Mchana kuna lifti ya kupanda kutoka usawa wa bahari mpaka bustani za Upper Barrakka, kwa hiyo hata kupanda mlima hakuna.

Chakula. Usidhani nyama ni halali kwa sababu mgahawa ni wa gharama, wala usimwamini mhudumu anaejibu "yes yes" haraka. Omba kwa maandishi kabla ya safari, wakijibu kwa maandishi kwamba wanayo sawa, wasipojibu panga wiki ya samaki, mayai na mboga na uwaambie wasitumie mvinyo kwenye mchuzi, hilo la mvinyo watu wanalisahau na jikoni za Kitaliano wanautumia sana. Mgahawa wa Yacht Club ni mdogo, ukishamwambia kiongozi wa wahudumu usiku wa kwanza atakuwa anamletea mama menyu ya kesho leo ili achague mapema, omba hivyohivyo, wanafanya. Ile migahawa ya kulipia, Butcher's Cut, Kaito na wenzake, haimo kwenye bei yenu, msikimbilie. Mkitaka usiku mmoja wa familia wote wanne, La Pescaderia wana samaki na nyinyi mnaruhusiwa kuingia, hapo ndo pa kutumia hela. Usiku wa kuvaa vizuri baba avae kanzu yake na koti, hilo ni vazi la heshima popote.

Kibla nako naulizwa sana. Dira ya simu inadanganya melini kwa sababu umezungukwa na chuma. Fungueni chaneli ya ramani kwenye TV ya chumbani, inaonyesha meli inaelekea wapi, na kwa maeneo hayo yote Makka iko mashariki ukiegemea kusini, mkishajua pua ya meli iko upande gani mnahesabu wenyewe. Ikiwa gatini haigeuki, rahisi zaidi.

Visivyomo wavijue ili bili isiwashtue: masaji, safari za nchi kavu, picha, na kufuliwa nguo waulize kabla hawajajaza mfuko. Zoezi la usalama siku ya kwanza ni la kila mtu, switi haimwokoi mtu, na baba aulize hapohapo kuhusu watu wenye shida ya kutembea. Visa pia: njia yenu ikiwa ni Italia, Malta, Hispania na Ufaransa mko ndani ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja) muda wote, ila ratiba ikiwa na Tunis wazee watakuwa wametoka na wanahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Angalia hilo kwenye pasi zao kabla ya chochote kingine.

Mwisho tipu. Kampuni zinakata ada ya huduma kila siku na switi mara nyingi hukatwa zaidi, Royal Caribbean kwa mfano Novemba 2024 walipandisha ikawa dola 18.50 kwa mtu kwa siku vyumba vya kawaida na dola 21 kwenye switi. Juu ya hapo ni hiari yenu. Ushauri wangu ni mama atoe kiasi siku ya pili kwenye bahasha na kingine siku ya mwisho, ampe mwenyewe mkononi, na asimsahau yule anaefanya usafi wa chumba, yule ndo anainama kuliko wote na bahasha nyingi zinampita. Kwenye vibandiko vya majina meli nyingi wanaandika na nchi, mkikuta Kenya au Tanzania msalimieni kwa Kiswahili, utaona uso unavyobadilika. Na lile dodoso linalokuja kwa barua pepe baada ya safari, wewe ulijaze kwa niaba yao, uandike jina la batla na alichofanya hasa, chai ya alfajiri, kiti cha bafuni, kila kitu. Majina yale yanasomwa wakati wa kupanga mikataba mipya.